Hodi ya Tatu

Zama zile ambazo kila mji wa pwani ulikuwa na mfalme wake, baragumu lake la siwa na ugomvi wake, mji wa Ungwi ulitawaliwa na mwanamke, Mwana Shali, na wageni wake wote walipokewa na mtu mmoja, Mwinyi Tenga. Mgeni akishuka chomboni na joho lake la sufi, jasho likimchuruzika, ni Tenga aliyemvua joho, akamvika kanzu nyepesi ya pamba, akamkalisha chini na kumfunda. Usinywe maji yasiyochemshwa. Usitembee peku juu ya matumbawe. Jua la adhuhuri waachie mbuzi, maana hapa mji mzima hulala mpaka alasiri. Ukifika mlangoni kwa watu, vua viatu, piga hodi mara tatu. Usipoitikiwa, geuka urudi ulikotoka, wala usinung'unike. Na ukitaka kuvuka mkono wa bahari kwa miguu, watazame wanawake waokotao chaza. Wakiingia na vikapu vyao, nawe ingia.

Hapana mgeni aliyesikiliza vizuri kama Behzadi, mfanyabiashara wa ng'ambo aliyekaa miezi saba katika ghorofa ya Tenga, akiandika kila neno katika kitabu chake chenye jalada jekundu. Tenga alimpenda. Kusema kweli alijivuna pia. Nani hapendi maneno yake kuandikwa?

Miaka mitatu baadaye, adhuhuri moja ya bamvua, siku maji yajaapo kupita kawaida, Tenga alipanda darini kugeuza magodoro ya wageni yaliyoanikwa. Mji ulikuwa umelala fofofo. Akatupa macho ng'ambo ya maji, kwenye mikoko, na godoro likamponyoka mikononi. Mle mlikuwa na watu, mamia, wenye mikuki na pinde. Kila mmoja alivaa pamba nyeupe juu ya dereya yake, vazi la vita la chuma. Hakuna aliyekaa juani. Hakuna aliyekuwa peku. Vyungu vya maji vilikuwa vikichemka juu ya moto mdogo, na aliyepita kati yao akiwasomea katika kitabu chekundu alikuwa Behzadi.

Jeshi zima lilikuwa limefundwa na Tenga mwenyewe. Saa waliyoijia, kivuli walichokikalia, hata maji waliyokunywa, yote yalitoka kinywani mwake. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone; huyu alikuja mwenyeji afe.

Alikimbia mpaka kwa Mwana Shali, akamweleza yote bila kujificha. Wakamwita na Mishi, mkewe Tenga, aliyekuwa mkuu wa waokota chaza.

"Umewafundisha mengi, Mwinyi Tenga," Mwana Shali alisema. "Na saa za maji umewafundisha?"

"La, Bibi. Niliwaambia wawatazame wanawake, basi."

Mishi alijitwika kikapu chake. "Basi leo watutazame."

Maji yalikuwa yamekwisha kupwa tangu asubuhi, na sasa yalikuwa yanarudi, ingawa hayajafika magotini. Wanawake kumi na mmoja waliingia mkono wa bahari wakiimba, wakiinama na kuinuka kama kila siku. Tenga alichungulia katika tundu la lango. Jeshi likatoka mikokoni, kimya kimya, likaingia majini kuwaelekea. Mishi hakurudi nyuma. Aliwavuta hadi katikati, kisha wanawake wakatupa vikapu na kukimbilia fungu la mchanga walilolijua wao tu, lililowafikisha hadi langoni. Maji ya bamvua yakaingia kwa pande zote mbili kwa kishindo. Dereya ziliwazamisha wenyewe. Vilio vyao Tenga alivisikia mpaka siku ya kufa kwake.

Wanawake walirudi wote, Mishi wa mwisho, akichechemea. Lango likafungwa. Ndipo ikasikika sauti nje.

"Hodi."

Tenga aliijua. Katika tundu alimwona Behzadi, peke yake, hana upanga wala kitabu, na maji yanapanda nyuma yake. Alikuwa amevua viatu, akavipanga kando ya kizingiti.

Watu wote wakamgeukia Tenga. Kwa miaka thelathini hajapata kuiacha hodi bila karibu. Lakini ingawa kitabu kilizama, maneno yalikuwa yamebaki kichwani mwa mtu yule, na sasa alijua hata hila ya wanawake. Akiishi, atarudi.

"Mgeni ni wako," Mwana Shali alisema polepole. "Mwitikie upendavyo."

"Hodi," ikaja ya pili. Tenga alishika komeo la lango, akaliachia.

"Hodi, Mwinyi Tenga."

Tenga hakusema karibu; alingoja matusi, alingoja lango lipigwe mateke, hayo angeyaweza. Badala yake Behzadi aliinamisha kichwa, hakunung'unika, akageuka, akatembea peku juu ya matumbawe kurudi alikotoka, mpaka maji yakamfunika.

Watu wa Ungwi walimtungia Mishi nyimbo, na nyimbo hizo zilidumu kuliko kuta za mji. Vile viatu hakuna aliyeviimba. Tenga alihamia bara mwaka uleule, akajenga kibanda kidogo, na wasafiri waliopita huko walistaajabu kuona kwamba hakuwa amekitia mlango.