Kahawa Isiyotoa Povu

“Usinifundishe kazi, mama. Hii kahawa ni ya mwaka jana, na wewe mwenyewe unajua!”

“Nimeikaanga Ijumaa kwa mikono hii!”

“Basi mikono hiyo ndiyo itakayovishwa pingu leo.”

Koplo Dafrosa Masolwa alisimama mlangoni mwa mgahawa wa Hoteli ya Mgunda, mjini Tabora, akasubiri wachoke. Hawakuchoka. Meneja Octavian alikuwa amelegeza tai na shingo imemvimba. Mbele yake alisimama mwanamke wa makamo aliyejifunga kitenge kiunoni, vumbi la safari bado liko miguuni. Juu ya kaunta palikuwa na ndoo nyeupe ya plastiki na vikombe vitano vidogo vilivyojaa. Hakuna aliyekuwa amevinywa.

“Nani amepiga simu polisi?” Dafrosa aliuliza.

“Mimi,” alisema Octavian. “Mkamate huyu, afande. Tapeli.”

Dafrosa alimpita. “Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu.”

“Jina?”

“Esperansi Manirambona. Natoka Ulyankulu. Nakaanga kahawa na kuiuzia hoteli hii. Nimepigiwa simu alfajiri nikaja mbio, nafika naitwa mwizi.”

Ilikuwa Jumatano, saa tatu asubuhi. Octavian alieleza kwa haraka. Saa tisa mchana mwenye hoteli angefika na wageni wanaopita njia ya zamani ya misafara, wakitokea kuangalia mambo ya kale Kwihara. Walikuwa wameahidiwa espreso ya kahawa ya Kigoma iliyokaangwa Ulyankulu. Mwenye hoteli angeinywa yeye mwenyewe, kisha aamue kama ataendelea na Esperansi au ataagiza Dar es Salaam.

“Kwa kahawa hii, ameshaamua,” Octavian alimalizia.

“Sina mteja mwingine,” Esperansi alisema. Hakulia. “Tuko wanawake sita kwenye kikaangio. Oda hii ikikatika, tunazima moto.”

“Mmejuaje kwamba kahawa ni ya zamani?” Dafrosa aliuliza. Yeye alikuwa mnywaji wa chai na hakuona aibu kuuliza.

Barista, yaani mtengenezaji kahawa wa hoteli, msichana mwembamba aitwaye Anifa, alisogea kwenye mashine. Alichukua buni kidogo zilizobaki kwenye chupa ya wiki iliyopita, akazisaga, akakandamiza unga, akabonyeza. Kahawa ilitoka taratibu, nzito, na juu yake likakaa povu la rangi ya asali. Anifa alinyunyiza sukari. Sukari ilikaa juu ya povu kidogo, kisha ndipo ikazama.

“Sasa hii ya kwenye ndoo.”

Maji yalipita mbio. Kikombe kilijaa kimiminika cheusi chepesi, na vipovu vichache vikapasuka pembeni vikaisha. Dafrosa alionja. Alikumbuka maji ya kulowekea sufuria iliyoungua.

“Buni ikitoka motoni inakuwa na hewa ndani,” Esperansi alisema. “Inapumua siku nyingi. Siku mbili tatu za kwanza inapumua kupita kiasi, ndiyo maana naikaanga Ijumaa waitumie Jumatano. Mashine inasukuma maji kwa nguvu, ile hewa inatoka pamoja na mafuta ya kahawa, ndilo povu lenyewe. Buni ikikaa miezi, hewa imekwisha, harufu imekwisha, mafuta yameoza. Ukiichemsha kwenye birika na tangawizi unaweza kudanganya watu. Kwenye espreso humdanganyi mtu.”

“Kwa hiyo unakubali ni ya zamani!” Octavian alidakia.

“Nakubali. Nakataa kwamba ni yangu.”

“Kila mwizi husema hivyo. Hawa watu wa kambi ya wakimbizi...”

“Meneja,” Dafrosa alisema, “hiyo sentensi usiimalize mbele yangu.”

Aliivuta ndoo. “Hii ndoo ni yako, mama?”

“Ndoo yangu, mfuniko wangu. Hapo katikati natoboa tundu kwa sindano ya moto, hewa ipate pa kutokea. Juu yake nabandika plasta ya dukani, vumbi lisiingie.”

Plasta ilikuwepo. Dafrosa aliugeuza mfuniko. Upande wa ndani, pale penye tundu, palikuwa na doa la manjano. Alilikwaruza kwa ukucha. Lilikuwa laini. Alilinusa, akalifuta kwenye leso yake, akaikunja leso na kuitia mfukoni.

“Ndoo imepita mikono ya nani?”

Ilikuwa imepita mikono mitatu. Jumatatu Esperansi aliipakia kwenye kosta, basi dogo la Leopoldi. Leopoldi aliishusha Gongoni, kwenye duka la asali la Mzee Wilbroad, ambaye hupokea mizigo ya watu kutoka vijijini. Jana jioni Anifa aliifuata dukani, na leo asubuhi akaifungua.

“Anza na huyu,” Octavian alisema, akimnyooshea Anifa kidole. “Jumapili ameonekana Ipuli, kwenye mgahawa mpya. Wanaotushindania wateja!”

Anifa alishtuka, akatazama sakafu. Dafrosa alikuwa amelea watoto wanne. Alijua uso wa mtoto aliyeiba sukari, na uso wa yule anayeogopa kupigwa kwa sukari aliyoiba mwenziwe. Huu ulikuwa wa pili, lakini aliuliza tu.

“Ulifuata nini Ipuli?”

“Waliniita kazini, afande. Mshahara mzuri zaidi. Nilienda kuonja kahawa yao kwanza.”

“Ehe?”

“Nikakataa kazi. Kahawa yao ilikuwa mbovu. Kama hii hii.”

“Mbovu namna hii? Jumapili?”

“Namna hii kabisa. Siwezi kusimama nyuma ya mashine nikampa mtu kitu kile.”

“Leo ndoo uliifunguaje?”

“Kwa kisu. Ilibana kweli. Wiki nyingine mfuniko nauinua kwa kidole, na harufu inanipiga usoni kabla sijaona kitu. Leo hakuna harufu.”

Dafrosa alichukua funguo za pikipiki. “Mama asikamatwe na mtu yeyote mpaka nirudi. Na wewe meneja, mpe kiti.”

Leopoldi alikuwa stendi anakagua matairi. Octavian alikuwa amemtaja njiani kuelekea mlangoni: gunia la mchele liliwahi kupotea kwenye gari lake. Leopoldi alipoona sare alianza kujitetea kabla hajaulizwa.

“Mchele niliulipa, afande! Ulidondoka, haukuibiwa!”

“Sijaja kwa mchele. Jumatatu ulibeba ndoo ya kahawa.”

“Ah, ile!” Leopoldi alicheka. “Nilitukanwa safari nzima. Gari lote lilinuka kahawa. Kuna mama wa kanisani amefunga kula, akasema nimetumwa na shetani nimtamanishe. Tukafungua madirisha yote, vumbi likaingia, wakanitukana tena kwa vumbi.”

“Ilinuka mpaka mjini?”

“Mpaka Gongoni. Nilimkabidhi Mzee Wilbroad mkononi, mbele ya abiria. Akasema, ‘Hii kweli kahawa.’”

Dafrosa alifikiri huku akivaa kofia. Kahawa iliyolitia harufu gari zima haikuwa hii ya hotelini. Kwa hiyo Esperansi alituma kahawa mpya, na Leopoldi akaifikisha. Ilibadilishwa baada ya kosta.

Alirudi hotelini, akampakia Anifa, wakaenda Ipuli. Mgahawa mpya ulikuwa na viti vya rangi na muziki wa juu kuliko wateja. Dafrosa aliagiza espreso mbili. Anifa alikitazama kikombe kabla ya kukigusa, akamkanyaga Dafrosa mguu chini ya meza.

Povu lilikuwa nene, rangi ya asali.

“Dada,” Dafrosa alimwita mhudumu, “kahawa yenu nzuri.”

“Tangu jana, dada yangu! Wiki iliyopita watu walikuwa wanaacha vikombe vimejaa. Sasa bosi ameleta nyingine.”

“Bosi ni nani?”

“Shilinde.”

Dafrosa alilijua jina. Siku ya harusi ya Shilinde, yeye ndiye aliyewekwa barabarani kuongoza magari. Alimaliza kikombe, akalipa, akasema, “Twende tukamalize.”

Saa saba mchana walikuwa Gongoni, wote: Dafrosa, Anifa, Esperansi, na Octavian ambaye alikuwa akitazama saa kila dakika. Dafrosa alibeba ndoo. Kabla ya kuondoka hotelini alikuwa ameosha mfuniko kwa maji ya moto na kubandua plasta, tundu likabaki wazi.

Duka la Mzee Wilbroad lilinukia asali na moshi wa mizinga. Mwenyewe alikuwa mzee mnene, msafi, mwenyeji wa kijiji cha Ipole, na mikono yake ilikuwa haijui kutulia. Nyuma yake ndoo za asali zilipangwa ukutani.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, binti. Leo wengi! Mmekuja harusi?”

“Tumekuja na mzigo. Kahawa ya huyu mama imekataliwa. Tunaomba ukae nayo mpaka kosta ya jioni, irudi Ulyankulu.”

“Haina shida. Pole, mama.” Aliivuta ndoo, akaizungusha, akapitisha kidole gumba juu ya mfuniko. Kidole kilikuta tundu. Bila kuangalia, mkono wake mwingine uliingia kwenye kopo lililokuwa kando ya mizani, ukatoka na donge la nta. Aliifinyanga kidogo, akafungua mfuniko, akaziba tundu kwa ndani, akaisawazisha kwa ukucha, akafunga na kugonga kingo kwa kiganja pande zote.

“Mnaachaje tundu?” alisema. “Sisimizi wanaingia, unyevu unaingia. Mali inaharibika.”

Esperansi alikuwa ameshika mdomo.

Dafrosa alitoa leso, akaikunjua juu ya kaunta. Doa la manjano. Alifungua mfuniko, akauweka kando ya leso.

“Mzee, kahawa mpya ukiiziba, ndoo inavimba. Kila anayeijua huiachia tundu. Leo asubuhi ndoo hii imefika hotelini ikiwa imezibwa hivi hivi, kwa ndani. Jana na juzi ilikuwa kwako. Uliifungua ukafanya nini?”

Mzee Wilbroad aliangalia mikono yake kana kwamba imemchongea.

“Nta iko kila nyumba Tabora,” alisema.

“Kweli. Na ile?”

Alinyoosha kidole. Kwenye safu ya ndoo za asali, mifuniko yote ilikuwa bapa isipokuwa mmoja. Huo ulikuwa umetuna kama tumbo.

“Asali imechacha,” mzee alisema upesi mno.

“Fungua.”

“Itamwagika, binti. Itachafua...”

“Nitapiga deki.”

Dafrosa aliingia nyuma ya kaunta na kuishusha. Ilikuwa nyepesi kwa ndoo ya asali. Alipenyeza kisu ukingoni. Mfuniko ulitoa pumzi ndefu, kisha ukaruka, na duka zima, asali na moshi wake, likafunikwa na harufu ya kahawa. Octavian mwenyewe alifumba macho.

“Mzee, wewe huuzi kahawa,” Dafrosa alisema. “Ila Shilinde anauza. Na Shilinde amemwoa binti yako.”

Mzee Wilbroad aliketi juu ya kreti. Habari ilipotoka, ilitoka yote.

“Kuna duka lilikuwa linafungwa Dar. Nilinunua magunia mawili ya buni zilizokaangwa, bei ya kutupa. Nikasema hii ndiyo zawadi yangu kwa wanangu. Mimi mtu wa asali. Nina asali ya miaka minne humu, ukiilamba hujui kama ni ya jana. Nilidhani kahawa nayo ni hivyo. Wateja wakawa wanaacha vikombe. Binti yangu akaja hapa kulia. Hii ya mama ilipofika Jumatatu, nikainusa...” Alifuta viganja kwenye magoti. “Nikazibadilisha. Nilijua hotelini wataweka maziwa na sukari. Nani angejua?”

“Mimi,” alisema Anifa.

“Na mimi ningefungwa,” alisema Esperansi.

Octavian alikohoa. Sauti yake ilikuwa imeshuka. “Mama Esperansi, nimekukosea, samahani. Kahawa imepatikana, oda yako ipo. Saa tisa inakaribia. Tuyamalize hapa hapa kimya kimya. Mwenye hoteli hapendi jina letu liwe kituoni.”

“Tuyamalize, mama,” Mzee Wilbroad alidakia. “Nitakulipa. Sote Wakatoliki, Jumapili tutapeana amani. Nifikirie mimi na uzee huu.”

Dafrosa aliikunja leso, akairudisha mfukoni. Sheria ilikuwa yake, lakini bila maelezo ya mlalamikaji kesi ingelala, na wote mle dukani walijua.

Esperansi alitia mkono kwenye ndoo iliyotuna, akachota buni, akazinusa. Akachukua bakuli la kupimia asali, akalijaza buni, akalisogeza kwa Dafrosa.

“Hizi zinatosha ushahidi?”

“Zinatosha.”

“Anifa, mwanangu, beba zilizobaki. Saga kikombe baada ya kikombe, usisage zote pamoja. Kimbia.”

Anifa alikumbatia ndoo akatoka. Octavian alitaka kumfuata, akasita.

“Na hili?” aliuliza.

“Asubuhi uliniita tapeli kwa sauti, wapishi wanasikia, wafagiaji wanasikia,” Esperansi alisema. “Sasa unataka tunong’one. Nikinyamaza, kesho watasema wa Ulyankulu aliuza kahawa mbovu, akasamehewa. Wenzangu watano wataibeba hiyo mpaka lini?” Alimgeukia Wilbroad. “Amani ya Jumapili nitakupa, mzee. Mkono wangu utaupata. Lakini leo ni Jumatano.”

Alivuta kigoda, akaketi mbele ya kaunta, akakaza kitenge.

“Afande, kalamu unayo?”

“Ninayo.”

“Andika. Naitwa Esperansi Manirambona. Raia wa Tanzania, mkazi wa Ulyankulu. Kazi yangu ni kukaanga kahawa. Siku ya Ijumaa, nikiwa na wenzangu watano, tuliwasha moto...”

Dafrosa alikuwa ameshafika mstari wa pili.