Baba Mwenyewe Anataka Nini?

Kila asubuhi, kabla ya kukaa kwenye cherehani yake, Melania alimtoa baba yake nje. Walitembea taratibu hadi kibarazani. Mzee Masalu aliketi akiwa ameinama kidogo mbele, maana hivyo pumzi ilipita vizuri. Kisha mama yake Melania, Mama Juliana, alileta bakuli la michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyopikwa na karanga.

"Leo karanga umezihurumia," mzee alisema.

"Jana ulisema zimezidi. Kula."

Melania alicheka. Nyumba yao ya Ngokolo ilianza siku kwa utani huo. Baba akitania, Melania alijua ameamka vizuri.

Mzee Masalu alichimba dhahabu Rwamgasa tangu ujana wake. Alishuka kwenye maduara, yale mashimo marefu ya wachimbaji. Baadaye alisimamia karasha, mashine ya kusaga mawe. Hakujua kujifunika pua na mdomo. Vumbi la mawe liliingia kifuani mwaka hadi mwaka, likaharibu mapafu. Madaktari walimweleza wazi. Dawa ya kumpunguzia shida ipo. Dawa ya kuyarudisha mapafu kama zamani haipo.

Aliyekuwa akimtembelea nyumbani ni Nesi Noela, kutoka kituo cha afya. Mzee alimpenda kama binti yake. Walizoea kuzungumza Kisukuma kwa sauti ya chini, wawili tu. Halafu Noela alistaafu. Alikuja kuaga, akarudi kwao Ushirombo. Siku hiyo mzee hakutania mtu.

Haukupita muda mrefu, mzee akabanwa na pumzi. Midomo yake ilibadilika rangi. Melania alimpigia simu kaka yake, Makoye, dereva wa lori kule Bugarama. Makoye aliazima gari, akafika akiwa na nguo za kazi.

"Tunampeleka Mwanza, hospitali kubwa," alisema.

Mzee alitikisa kichwa. Lakini hakuwa na pumzi ya kusema kitu. Wakampakia.

Hospitalini walipokelewa vizuri. Mzee aliwekewa hewa ya oksijeni na dripu ya dawa. Kisha daktari aliwaita Mama Juliana na wanawe pembeni.

"Anaweza kuzidiwa zaidi," daktari alisema. "Ikifika huko, kuna mashine ya kumsaidia kupumua. Kwa mapafu yake, sina uhakika kama tutaweza kumtoa tena kwenye mashine hiyo. Baba mwenyewe anataka nini?"

"Wekeni mashine," Makoye alijibu.

"Hapana, subirini," Melania alisema. "Uliona alivyotikisa kichwa?"

"Kwa hiyo wewe unataka afe?"

Maneno hayo yalimchoma Melania. Alijibu kwa ukali, na Makoye akajibu kwa ukali zaidi. Mama Juliana alisimama katikati yao akilia. Hakuna hata mmoja aliyejua jibu la swali la daktari.

Bahati nzuri, mzee alipata nafuu kabla ya kuhitaji mashine. Alirudi Ngokolo akiwa amekonda. Lakini Makoye na Melania hawakuzungumza tena. Makoye akipiga simu, aliongea na mama tu, kisha akakata.

Kituo cha afya kilimtuma nesi mpya. Jina lake Marcelino. Alikuwa amefanya kazi wodini kwa miaka mingi, na kutembelea wagonjwa majumbani ilikuwa kazi mpya kwake.

"Shikamoo, mzee," alisema.

"Marahaba." Mzee Masalu aligeukia ukutani. "Yule aliyekuwa anakuja anajua mambo yangu. Muulizeni yeye."

Melania aliacha kushona. "Mambo gani, baba?"

Mzee alijivutia shuka mabegani.

Marcelino alivuta kigoda, akaketi karibu naye. "Mzee, sisi manesi tunahama. Wengine tunastaafu. Kama ulimwambia Nesi Noela peke yake, ameondoka nayo. Nitampigia simu. Lakini na wewe itabidi useme tena, familia yako isikie."

Alipiga papo hapo, akaweka simu katikati yao. Sauti ya Noela ilipotoka, mzee aligeuka akatabasamu.

"Baba, huyo ni mwenzangu," Noela alisema. "Mwambie kama ulivyoniambia mimi. Ni maneno yako, siwezi kukusemea."

Mzee alifikiri. "Mwiteni Makoye," alisema.

Jumapili baada ya misa, wote walikuwa sebuleni. Makoye aliketi mbali na dada yake. Marcelino alikuja na faili la mzee. Mama Juliana hakupendezwa.

"Sisi hatuzungumzi habari za kifo," alisema. "Ni kukiita."

"Mama, ninaelewa," Marcelino alisema. "Lakini kuzungumza hakumuui mtu. Siku ile hospitalini mliulizwa swali gumu mkiwa na hofu. Leo mzee ana pumzi ya kusema. Ni afadhali tumsikilize leo."

Mzee Masalu alisema kidogo kidogo, akipumzika kila baada ya maneno machache.

"Nilikaa chini ya ardhi nusu ya maisha yangu. Gizani, hewa hakuna. Sitaki kumalizia kwenye mashine, watu wangu wakiwa nje ya mlango. Nataka niwe hapa. Nisikie kelele za cherehani. Nimwone mama yenu. Msiniache nikihangaika na pumzi. Hilo tu ndilo ninaloliogopa."

Makoye alikuwa ameinamisha uso. "Baba, watu watasema nimekuacha ufe nyumbani. Watasema mtoto wa kiume alikuwa wapi."

"Wewe ndiye uliyeazima gari," mzee alisema. "Nilikuona. Wabeja, mwanangu. Asante."

Makoye alifuta macho kwa kiganja.

"Kaka, kubaki nyumbani si kuacha matibabu," Marcelino alieleza. "Mzee akipata ugonjwa unaotibika, kama malaria, na mwenyewe akikubali, tutamtibu, hata hospitalini. Akibanwa na pumzi, kuna dawa ya maji inayoitwa mofini. Hupunguza maumivu na ile hali ya kukosa hewa. Daktari ndiye anayepanga kipimo, nami nitawafundisha kuitoa. Kinachokataliwa ni mashine tu, kwa sababu mwenyewe haitaki."

"Na akibadili mawazo?" Melania aliuliza.

"Ni haki yake, siku yoyote. Tutabadilisha. Sasa, mzee, ukishindwa kusema, nani akusemee?"

Mzee aliwatazama watoto wake kwa zamu. "Melania. Makoye atakuwa barabarani. Lakini Melania, usiseme neno kabla hujampigia kaka yako."

"Sawa, baba," walijibu wote wawili kwa pamoja. Kisha wakatazamana.

Marcelino aliandika yote kwenye faili, daktari wa kituo akayapitia na kusaini. Nakala moja ilibaki nyumbani. Pia aliwaeleza wenzake kituoni, mmoja mmoja, ili yeyote atakayekuja asianze upya.

Wakati watu wanavuna mpunga, mzee alidhoofika sana. Marcelino alikuwa safarini kwa mafunzo. Akaja nesi mwingine, Anisia, ambaye hawakuwahi kumwona.

"Nimeelezwa habari zako, mzee," Anisia alisema. "Bado unataka kubaki hapa?"

Mzee alikubali kwa kichwa. Anisia alimpa dawa, akakaa akimwangalia. Polepole kifua kilitulia. Melania alimpigia Makoye, naye akaja. Makoye alipanda kitandani nyuma ya baba yake, akamwegemeza kifuani kwake ili akae wima. Mama Juliana alishika miguu yake. Melania alitaka kufunga cherehani, baba akainua kidole kumkataza. Akaendelea kushona sketi ya mteja huku machozi yakidondoka kwenye kitambaa. Alasiri ile mzee aliondoka, bila kuhangaika.

Walilia sana. Lakini hawakugombana.

Baada ya matanga, walibaki watatu tu nyumbani. Makoye alikuwa anakula, na Melania alikuwa akiongeza mboga. Mama Juliana akakohoa kidogo.

"Na mimi nina maneno," alisema. "Msidhani ninafanana na baba yenu. Mimi nikiugua, nipelekeni hospitali. Mwanza, hata mbele ya Mwanza. Mashine zote waniwekee. Sijachoka kuishi."

Makoye aliacha tonge hewani. Halafu alianza kucheka, kicheko ambacho nyumba ile ilikuwa imekikosa kwa wiki nyingi.

"Na nani akusemee, mama?" Melania aliuliza.

"Makoye. Wewe utalia tu, hutasikia daktari anasema nini."

"Haya," Makoye alisema, akanawa mikono na kusogeza kiti chake karibu. "Tuanze mwanzo, mama. Tuambie vizuri."