Nne Iliyoachwa Tupu

Mpiga dramu huyu ni jirani yangu, mtu wa mizaha, wala si wale wanaoona majini kila kona. Mchana wa onyesho aliingia ukumbini na dada yake wakibishana kuhusu viatu vya dada mtu, wakafunga vyombo, wakamtania mpiga gitaa. Siku kama siku nyingine.

Dada ndiye mwimbaji. Marehemu mumewe, ambaye bendi nzima ilimwita Fundi, ndiye aliyewatengenezea muziki wa kompyuta: vinanda, tarumbeta, sauti za nyuma, vyote vinatoka kwenye mashine nao wanapiga juu yake. Ili wasipishane nayo, mpiga dramu huvaa hedfoni. Humo husikia mlio wa kuhesabia mwendo, ko, ko, ko, ambao mtu mwingine hausikii. Yeye akiufuata mlio, bendi inamfuata yeye. Na mwanzo wa kila wimbo Fundi alijirekodi akihesabu, kwa sauti inayotoka hata kwenye spika: "Moja, mbili, tatu..." Nne hakuitamka. Aliiacha tupu, mkewe apate nafasi ya kuvuta pumzi.

Aliacha wimbo mmoja ambao haujawahi kupigwa jukwaani. Mazoezini waliusikiliza kwenye spika tu. Kuvaa hedfoni mpiga dramu aliona kazi. Uvivu huo anaujutia mpaka leo, kwa sababu alipanda jukwaani bila kujua humo masikioni mna nini.

"Leo tunampigia mume wangu," dada alinong'ona. "Usiniangushe, mdogo wangu."

"Nikuangushe wapi, Dada? Wewe imba tu."

Akabonyeza kitufe. "Moja, mbili, tatu..." Sauti ya shemeji yake ikamchoma moyo, machozi yakamlengalenga. Dada akavuta pumzi, wakaingia. Vigelegele! Ubeti wa kwanza ukaenda safi.

Kwenye ubeti wa pili, sauti ikarudi, safari hii hedfonini tu.

"Polepole, shemeji."

Akadhani ni maelekezo ambayo Fundi aliyarekodi, maana alikuwa mtu wa maelekezo. Mlio ukapunguza mwendo, na muziki wa kompyuta pamoja nao. Naye akapunguza, na bendi yote nyuma yake. Dada pia.

"Polepole zaidi. Niletee."

 Akamtazama dada. Uso umemsawajika. Kila baada ya maneno matatu alikuwa anakatika, mdomo wazi, pumzi haiji. Watu wakadhani ni majonzi ya mjane, wakampigia makofi.

"Niletee mke wangu."

Ko.

Ko.

Ko.

Kimya. Dada akashika kifua. 

Tangu aanze kazi hii, mpiga dramu hajawahi kuuacha ule mlio. Akiuacha, bendi inaumbuka mbele ya watu. Potelea mbali! Akazing'oa hedfoni, akachapa dramu kwa mwendo wake mwenyewe, haraka, kwa nguvu, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba inayoungua. Tarumbeta za kompyuta zikashika njia yao, gitaa njia yake. Vurugu tupu. Watu wakazomea. Dada akavuta pumzi moja ndefu, akaketi chini akikohoa. Yu hai.

Nyuma ya jukwaa, mpiga gitaa akiwa bado anafoka, mpiga dramu alivaa hedfoni akausikiliza wimbo wote upya. "Moja, mbili, tatu." Kisha ko, ko, ko, mwendo uleule mpaka mwisho. Hakuna polepole. Hakuna niletee.

Akaenda kukaa karibu na dada yake.

"Umeniharibia wimbo," dada akanong'ona. "Ila nilikuwa nazama, mdogo wangu. Sijui nilikuwa naenda wapi."

"Nisamehe, Dada. Yameisha."

Akamshika mkono. Vidole vikaangukia kwenye mshipa wa kifundo cha mkono.

Mshipa ukapiga. Moja. Mbili. Tatu.

Akasubiri ya nne.

Tupu. Kisha mshipa ukaanza tena, moja, mbili, tatu, na kila ilipofika ile nafasi, dada, bila kujua, alikuwa anavuta pumzi.