Zero ya Fizi

Siku Arlette alipoondoka mji wa Baraka, katika eneo la Fizi, simu yake ilizimwa tangu alfajiri. Dany alikimbilia kwa Marthe, dada yake Arlette.

"Amepanda gari ya Uvira, anaenda mpaka Bukavu," Marthe akasema huku akipepeta mchele. "Na amesema usimufuate. Hataki bwana mwenye alishamuzika."

Kumzika! Dany alikuwa amesema neno moja tu.

Walikuwa wamejuana mwaka mmoja, tangu pikipiki ya Dany ilipopita juu ya ndagala alizoanika Arlette pembeni ya soko. Alisimama na kitenge chake cha manjano, mikono kiunoni.

"We! Macho yako iko wapi?"

"Yalikuwa kwako, mama."

"Basi okota samaki moja moja na hayo macho."

Aliziokota zote, amepiga magoti na suruali yake ya kazi. Alikuwa mtu wa takwimu katika ofisi ya afya, na Arlette akambatiza Bwana Hesabu. Ndiyo maana, daktari alipomwambia Arlette kwamba uvimbe wa titi lake ni kansa na lazima apasuliwe Bukavu, alimuuliza yeye.

"Sheri, kwenye ripoti ya nchi, bamama wangapi ba Fizi balipasuliwa kansa?"

Dany hakujua kudanganya. "Zero."

Alitaka kuongeza kwamba atamsindikiza, lakini Arlette, aliyesikia kwamba hakuna wa kwao aliyepona, alikwisha kuinuka.

Wiki zikapita kimya. Kisha simu ikalia.

"Bwana Hesabu."

"Arlette! Uko muzima?"

"Balishanipasua. Titi imeenda, mi nimebaki. Sikia, zero yako ni ya uongo! Hapa pembeni yangu kuko mama wa Lulimba, kwetu Fizi, anakula bugali kunishinda. Mwingine ni wa Mboko, naye wa Fizi, alipasuliwa mwaka jana, amekuja kupimwa tu."

"Lakini ripoti..."

"Bote baliandikisha nyumba ya bandugu yabo ba hapa Bukavu, sababu ndiko banalala, na ripoti inabahesabu ba Bukavu. Mi nilikataa. Nikasema, mi ni muntu wa Baraka. Mwenye kuandika akaniuliza mara mbili."

Dany alicheka huku machozi yakimtoka. "Nikuje?"

"Unaomba ruhusa ya nini?"

Akapita Mboko, Makobola, Uvira, vumbi mpaka kwenye kope. Alimkuta Bukavu, uani mwa hospitali, kitenge kipya kimefungwa juu ya kifua kilicholala upande mmoja, kichwa juu. Dany hakuwahi kumwona mzuri namna ile.

"Unaangalia nini?"

"Bibi yangu."

"Nani alikubali?" Lakini mkono wake ulikwisha kuingia katika mkono wa Dany.

Walioana. Kila baada ya misa wanawake walimzunguka Arlette, naye aliwaonyesha kovu lake bila haya. Kadhaa walikwenda Bukavu, wakarudi. Mwaka wa nne ugonjwa ulimrudia, na akazikwa Baraka, karibu na mama yake.

Sasa, kabla ya kufunga hesabu za mwezi, Dany hupiga simu hospitali ya Bukavu na kuuliza kila mama aliyepasuliwa ametoka kijiji gani.