Haji Aacha Kusema

Kila alipotoka shule, Mardhiya alikuwa na kazi moja: kumwangalia mdogo wake Haji, ili mama yao apate kusuka ukili wa mikeka. Haji alikuwa na miaka mitatu, na mdomo wake haukupumzika. Mardhiya alikuwa darasa la tano, wa kwanza katika Kiswahili, na watu wa Mlingotini hawakumaliza siku bila kukumbushwa jambo hilo.

“Dada, paka inakula samaki yangu,” Haji alisema mchana mmoja.

“Sema vizuri. Paka anakula samaki wangu. Rudia.”

Walipokuwa wakirudia, paka alimaliza samaki.

Tangu hapo, Haji akitaka maji, kwanza aseme sawasawa. Akikosea, Mardhiya na wenzake wa shule walimwigiza na kumcheka. Haji akaanza kuonyesha kwa kidole. Baadaye hata kidole akakiacha. Mardhiya alidhani mtoto ametulia, kumbe ameingiwa na hofu.

Siku moja mama yao, Mwanamkasi, alimwona Haji akichechemea. Alipomtazama unyayo, alikuta kipande cha kigae kimezama na mguu umevimba.

“Haji, baba, mbona hukumwambia dada?”

Haji alimtazama Mardhiya, kisha akajiziba mdomo kwa mikono miwili.

Mardhiya aliona uchungu mkubwa. Walipotoka zahanati, Haji akiwa amefungwa bendeji, Mardhiya alilia na kumweleza mama yake yote.

“Nilitaka ajue Kiswahili, mama.”

“Atakijua. Mimi kule kwenye kisomo cha watu wazima, siku ya kwanza nilisoma kwa taabu na kwa makosa. Mwalimu angenicheka, ningerudi? Na mimi ni mtu mzima, sembuse huyu. Wewe mwenyewe ulikuwa ukisema ‘kuku kimelala’. Sikukugombeza. Nilikuuliza tu, ‘Kuku amelala? Amelala wapi?’ Ukasikia, ukashika.”

Kuanzia siku hiyo Mardhiya alimsimulia Haji kila alichofanya, awe anafagia au anachota maji. Hakumlazimisha kujibu. Siku zilipita Haji akiwa kimya, na Mardhiya aliogopa kwamba amemharibu mdogo wake.

Asubuhi moja alikuwa akimfungua bendeji. Haji akasema kwa sauti ndogo, “Mguu yangu kimepona.”

Machozi yalimlengalenga Mardhiya. “Mguu wako umepona? Alhamdulillahi. Utakwenda wapi nao?”

“Dukani. Na wewe.”

Mama yao alikuwa amesimama mlangoni. “Umeona, Mardhiya,” alisema. “Mtoto hujifunza kusema kwa mtu anayetaka kumsikia. Makosa yataondoka kadiri anavyokua. Lakini ukimtia hofu, atakuficha hata maumivu yake. Haya, mpeleke.”

Njiani Haji hakunyamaza, na nusu ya aliyoyasema yalikuwa na makosa. Mardhiya aliyajibu yote.