Joto la Kioo

Huku Kiplombe kuna jirani yetu, Priscah, ambaye hadi leo hakubali kupigwa picha. Harusi ikiwa na mpigapicha, yeye yuko jikoni na sufuria.

Ilianza siku ya kawaida ya Julai: manyunyu, baridi ya kung'ata masikio, na Priscah akipiga miayo hadi taya linalia. Bosi wake Abdinasir, mwenye malori, alikuwa amewafuta makarani wawili na kununua mashine kuukuu kutoka ofisi iliyofungwa. Kazi za wale wawili ziligawanywa: nusu kwa mashine, nusu kwa Priscah, na nusu nyingine kwa Priscah tena.

Fundi Githinji alikuja kumwonyesha.

"Hapa unaprinti kutoka kwa kompyuta. Hapa unatoa kopi. Hapa unaskani, karatasi inaingia kwa kompyuta. Na hii ni faksi, sijui utamtumia nani, labda babu yako. Mashine moja, kazi nne."

"Kama mimi tu," Priscah akasema. "Ila hii mnaizima."

Githinji alicheka, kisha akaacha ghafla. Akanong'ona, "Madam, watu husahau original, ile karatasi yenyewe, kwa kioo. Kwa hii, usisahau kitu."

"Kwani inafanyaje?"

Alikuwa ameshabeba bisibisi zake, yuko mlangoni.

Alasiri baridi ilizidi. Alfajiri Priscah alikuwa amefua, amepika, amemtayarisha Mercy wake wa darasa la kwanza. Usiku atarudia yote. Juzi mtoto alimwambia, "Mama, wewe kila siku umechoka." Maneno hayo yalimkaa kifuani kama ugali mkavu.

Akainua kifuniko. Kioo kilikuwa na joto. Joto tamu! Akalaza shavu, akafumba macho. Kiwiko kikagusa kitufe cha kijani.

Mwanga ukapita chini ya uso wake, polepole.

Karatasi ikatoka. Uso wake, mweusi na mweupe.

Macho yalikuwa wazi.

Mtu mwingine angepiga nduru. Lakini uchovu ule! Aliona, akasema moyoni ataogopa baadaye, akarudisha shavu kwenye kioo. Akalala.

Alipoamka, karatasi haikuwepo. Abdinasir alikuwa amesimama mlangoni, funguo mkononi.

"Mama Mercy? Wallahi, si umenipita kwa ngazi sasa hivi? Nimekusalimia, umekimbia tu."

Priscah alitoka mbio, akapanda boda, mvua usoni.

Nyumbani, mlango ulikuwa wazi. Vyombo vimeoshwa. Nguo zimekunjwa. Nyumba ilinuka wino.

Mercy alikuwa mezani, ameshiba.

"Mama, umesahau nini?"

"Nani... nani amekupikia?"

"Si wewe? Tumecheza, ukanibeba mgongoni. Halafu ukasema unarudi kazini." Mtoto akamtazama vizuri, sauti ikashuka. "Mbona sasa umechoka tena?"

Priscah akamkumbatia. Hapo ndipo alipoona. Shavuni mwa mtoto, midomo miwili, myeusi, kama imepigwa chapa.

Akasugua kwa sabuni. Akasugua kwa mafuta. Haikutoka.

Kesho yake aliacha kazi. Mercy sasa yuko darasa la tatu, na alama bado ipo. Jioni za manyunyu, ukiigusa, ina joto, kama karatasi iliyotoka kwenye mashine sasa hivi.

Na mtoto hukaa akitazama mlango.