Reki Chini ya Kitanda

Duka la vipuri lilikuwa limefurika asubuhi hiyo, kila mtu akipaza sauti. Katikati ya ovaroli zilizojaa grisi alisimama msichana wa gauni la kijani na viatu vyeupe, ameshika simu yenye picha ya uvungu wa gari.

"Dada, picha yako iko kichwa chini miguu juu," fundi mmoja alimwambia.

"Basi nisaidie wewe uliyezaliwa uvunguni!"

Fundi akacheka mpaka akasahau alichofuata. Mapenzi yao yalianzia hapo, mbele ya rafu za fani belti.

Msichana alikuwa mkunga. Alikuwa amepata kazi katika zahanati ya mlimani, kusikofika gari la abiria, na alichokuwa nacho ni gari la marehemu baba yake, lile refu la njia mbovu. Usukani wake ulicheza kiganja kizima kabla tairi hazijageuka. Fundi alilala chini ya gari uani kwa mama wa mkunga, akatoka na mafuta shavuni.

"Reki ya usukani, kile chuma kinachogeuza tairi, imekwisha. Ukipanda nayo mlima, utatangulia mbele ya haki."

"Mpya je?"

"Haipo. Nimeiagiza. Uvumilie kidogo."

Ikawa kila jioni anakuja kukagua, na akiondoka anapiga simu.

"Umekula, laazizi?"

"Nitakulaje na sauti yako sijaisikia?"

Mama aliguna. "Fundi gani huyu? Gari halisogei, chakula changu ndicho kinachokwisha!"

Wiki ya tatu ilipigwa simu kutoka zahanati. Mama mmoja alikuwa amejifungulia njiani, akitafuta mkunga wa mbali kwa kuwa zahanati haikuwa na wake. Mtoto alikuwa hai. Mama yake alikuwa amefariki.

Mkunga alikwenda dukani mwenyewe, bila hata kubadilisha kandambili.

"Reki?" muuzaji alishangaa. "Fundi wako aliichukua wiki mbili zilizopita. Aliondoka nayo begani."

Mkunga alimpigia fundi palepale, kwenye kelele zilezile walikokutana.

"Reki iko wapi?"

"Chini ya kitanda changu," fundi akasema.

"Kwa nini?"

"Ningeifunga, ungeondoka."

Hakumfokea. Alimweleza habari za yule mama, neno kwa neno, kisha akasema, "Njoo uifunge leo," akakata.

Fundi alikuja macho mekundu. Aliinua gari kwa jeki, akaliegemeza juu ya stendi za chuma, akatoa tairi za mbele. Akaomba kitu cha kufungia usukani usizunguke. Mkunga alivua mtandio wake akampa bila kumtazama.

Fundi aliingia uvunguni. Alifungua ncha za reki kuukuu huku akihesabu kwa sauti, maana ile mpya lazima ifungwe mizunguko ileile, la sivyo gari huvuta upande. "Kumi na moja. Kumi na mbili..." Sauti ikamkatika. Alikuwa analia, na mikono yote miwili imejaa grisi.

Mkunga alipiga magoti juu ya saruji.

"Kumi na tatu," alisema taratibu. "Endelea. Kumi na nne."

Walihesabu pamoja mpaka ncha ikatoka. Reki mpya ikakaa, boli zikakazwa, mafuta ya usukani yakamiminwa, usukani ukazungushwa huku na huku mpaka hewa yote ikatoka. Haukucheza tena hata kidogo.

"Nataka kukuoa," fundi alisema, amesimama na spana. "Nitakufuata hukohuko."

"Nakupenda, na hilo ndilo linaloniua. Lakini kila nikikuangalia namwona yule mama."

"Hata mimi namwona."

"Najua. Ndiyo maana siwezi kukuchukia."

Aliondoka kesho yake asubuhi. Mtandio wenye madoa alimwachia.

Mwezi ukapita. Jioni moja simu ya fundi iliita.

"Yule mtoto amefikisha kilo nne," mkunga alisema. "Na usukani umenyooka."

"Namshukuru Mungu. Nije?"

"Usije, mpenzi."

Hakukata simu, na fundi naye hakukata. Walikaa hivyo, kila mmoja akisikiliza pumzi za mwenzake, mpaka salio la mkunga likaisha.